Kupanga chumba Dar ukiwa kibarua: ninayomwambia kila kijana anayeshuka na begi

Nilishuka stendi ya Ubungo mwezi wa saba mwaka 2004, natoka Kondoa, nina begi moja na shilingi elfu ishirini na saba. Mjomba wangu alikuwa amepanga Manzese, chumba kimoja, yeye na mkewe na watoto wawili. Nililala kwenye korido miezi minne. Nilikuwa natandika mkeka watu wakishalala na kuukunja saa kumi alfajiri, kwa sababu korido ile ndiyo njia ya wapangaji wote kwenda chooni, na mama mmoja wa chumba cha mwisho alikuwa na maandazi ya kukaanga kabla ya adhana.

Tangu wakati huo nimepanga vyumba saba katika jiji hili. Nilianza kama saidia fundi, kubeba karai na kuchanganya zege. Leo ni fundi, najenga tofali, napiga plasta, naweka marumaru. Vyumba wanavyopanga watu wa Dar nimevijenga kwa mikono yangu, Mbagala, Chamazi, Goba, Kivule. Na kila mwaka, mavuno yakiisha, simu inaita: "Kaka, nakuja huko, kazi ipo?" Kazi naweza kumtafutia mtu ndani ya siku mbili. Kinachowashinda ni chumba. Nimewaona vijana wenye nguvu na heshima wakirudi nyumbani huku kazi ipo, kwa kukosa pa kulaza ubavu. Basi nimeona niyaandike yote hapa.

Anza na hesabu, kabla hujapanda basi

Mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka. Wewe kibarua unalipwa kwa siku. Shida yote inaanzia hapo, kwa hiyo tuipige hesabu.

Chumba cha kawaida kule pembeni, chenye umeme, choo cha kuchangia uani, nakuta mara nyingi elfu sitini kwa mwezi. Miezi sita ni laki tatu na sitini. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, elfu sitini nyingine. Jumla laki nne na ishirini, na hujanunua godoro.

Saidia fundi kwenye saiti zetu analipwa elfu kumi na tano kwa siku. Mgeni hapati siku sita kwa wiki, akijitahidi anapata nne, yaani elfu sitini. Chakula elfu nne kwa siku, wiki nzima elfu ishirini na nane. Nauli ya kwenda na kurudi siku nne, kama elfu tano na mia sita. Vocha, sabuni, dawa ya kichwa, na kidogo cha kumtumia mama, elfu sita. Kinachobaki ni kama elfu ishirini kwa wiki. Kufika laki nne na ishirini unahitaji wiki ishirini na moja, karibu miezi mitano ya kuweka akiba bila kuumwa hata siku moja, ili ulipie miezi sita. Na miezi mitano hiyo lazima uwe unalala mahali.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza kijana ni hili: utalala wapi miezi mitano ya mwanzo? Kama hana jibu, namwomba asubiri kwanza, auze hata gunia la alizeti, aje na kianzio.

Kulala saiti

Wengi wanaanzia kwenye nyumba inayojengwa. Ni bure, na mwenye saiti anapenda kwa sababu anapata mlinzi asiyemlipa. Nimelala saiti, silaumu mtu. Lakini nina sharti moja: mwenye mali mwenyewe akujue, akuone uso, na vifaa mhesabiane kwa maandishi.

Mwaka 2006 nililala kwenye ghorofa moja linalojengwa kule Tegeta. Msimamizi ndiye aliyenikubalia kwa mdomo. Asubuhi moja nondo kumi na nne za milimita kumi na mbili hazikuonekana. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha nyuma, mvua inapiga mabati, sikusikia kitu. Msimamizi akasema hamjui aliyenipa ruhusa. Nilikatwa malipo ya wiki tatu na nikashukuru kwamba sikupelekwa kituoni. Mpaka leo sijui nani alizichukua.

Sasa kijana wangu akilala saiti, jioni anahesabu mifuko ya saruji, nondo na mbao, anaandika kwenye daftari, anapiga picha kwa simu na kumtumia mwenye mali. Asubuhi hivyo hivyo. Kazi ya dakika kumi. Na asilale kwenye chumba kilichomwagwa zege la juu wiki hiyo, hata aambiwe mbao za kushikilia ziko imara.

Geto la watu watatu, na mchezo wa kodi

Njia ninayoipenda ni kuchangia chumba, geto la watu wawili au watatu, mnaotoka kijiji kimoja au mnaofanya kazi saiti moja. Ila majina yote yaingie kwenye mkataba. Nimeona geto likivunjika kwa sababu mkataba una jina la mmoja tu, akaoa, akawaambia wenzake watoke, na hela yao ya miezi minne ikapotelea humo.

Na kuna jambo lililotuokoa mafundi wa kundi letu. Tunacheza mchezo, kama kina mama wanavyocheza, lakini wetu ni wa kodi tu. Tuko saba. Kila mmoja anatoa elfu ishirini kila wiki. Kwa wiki moja inapatikana laki moja na arobaini, wiki tatu laki nne na ishirini. Anapewa mtu mmoja, na haendi nayo peke yake, tunakwenda wawili naye mpaka kwa mwenye nyumba. Wa mwisho anapata wiki ya ishirini na moja, sawa na kama angeweka mwenyewe kwenye kibubu. Lakini wa kwanza anaingia chumbani wiki ya tatu. Miezi sita ni wiki ishirini na sita, kwa hiyo mzunguko unakwisha kabla kodi ya yule wa kwanza haijaisha, tunapumua wiki chache, tunaanza upya.

Wa kwanza huwa ni yule mwenye hali mbaya kuliko wote, kamwe si aliyeanzisha mchezo. Na hatumwingizi mtu ambaye hakuna hata wawili kati yetu wanaokujua kwao. Tulipotezewa mara moja na kijana aliyepokea zamu ya pili akahamia Mwanza. Tuliziba pengo sita tuliobaki, iliuma, lakini mchezo haukufa.

Dalali

Bila dalali utazunguka mpaka viatu viishe soli. Ndiye anayejua chumba gani kinaachwa mwisho wa mwezi. Ila muelewe anavyokula. Kuna hela ya kuonyeshwa, elfu tano au kumi, analipwa hata usipopenda chumba. Kabla ya kutoa, mwambie idadi: "Kwa hela hii unanionyesha vyumba vingapi?" Nikienda na kijana natoa elfu kumi kwa vyumba visivyopungua vinne, na ninataja vile nisivyovitaka, asije akanipeleka bondeni makusudi kumaliza idadi.

Ile kodi ya mwezi mmoja anaipata ukishakabidhiwa ufunguo, siyo kabla. Na kodi ya nyumba haipiti mkononi mwake hata akikuapia. Kuna dalali aliyewahi kupokea hela za watu watatu kwa chumba kimoja kule Tabata, wote wakakutana mlangoni na magodoro siku ya Jumamosi. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa Songea, hajui lolote.

Jinsi ya kumjua mwenye nyumba wa kweli: nenda kwa mjumbe wa shina, mwamkie, mwambie umeonyeshwa chumba kwa fulani, ungependa kumfahamu. Mjumbe anamjua. Halafu uliza wapangaji waliopo, hasa kina mama wanaofua pale uani mchana. Watakuambia na mengine usiyouliza.

Kukitazama chumba kwa jicho la fundi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu, na ndipo wenzangu wanapofanyiwa ubaya wakiwa macho.

Usiende kutazama chumba Jumapili jioni tu, kumepoa. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, na kama unaweza, nenda mvua ikiwa inanyesha. Mvua ni mwenzako, haidanganyi kwa ajili ya mtu.

Anza nje. Tazama ukuta chini, futi moja mpaka tatu kutoka ardhini. Ukiona unga mweupe kama chumvi, na plasta inamenyeka ukiipitishia ukucha, ujue unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, au tofali lilifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi. Ukuta huo haukauki. Godoro lako litaota ukungu upande wa ukutani na mtoto atakohoa. Gonga kwa konzi. Plasta nzima inalia kigumu, plasta iliyoachia inalia kama debe.

Kisha tafuta mstari. Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga Kigogo, kwenye nyumba iliyo karibu na bonde la Msimbazi. Chumba nilipewa bei nafuu, kimepakwa rangi mpya ya krimu mpaka kwenye kitasa. Mimi fundi, nikafurahia rangi. Desemba ile ikaja mvua ambayo Dar haikuwa imeiona kwa miaka mingi. Maji yaliingia usiku, yakapanda mpaka juu ya kitanda, nikatoka na watoto wa jirani wawili mabegani. Serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande. Waliopewa ni wenye nyumba. Mpangaji alihesabu hasara yake mwenyewe. Siku nne baadaye niliporudi kutazama, rangi ya krimu ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi ya muhogo uliochemshwa, na chini yake, usawa wa kifua changu, kulikuwa na mstari wa kahawia umenyooka kuta zote nne. Ulikuwa mstari wa zamani. Maji yalikwisha fika hapo kabla yangu, na mtu akanunua rangi.

Kwa hiyo sasa naweka uso karibu na ukuta na kumulika tochi ya simu kwa ubavu, siyo kwa mbele. Mwanga wa ubavuni unaonyesha kila kiraka. Ukiona rangi mpya imeishia kiunoni au kifuani na juu yake ni ya zamani, uliza kwa nini. Tazama nyuma ya mlango na ndani ya soketi ya umeme ya chini, wapaka rangi husahau humo. Tazama majirani: nyumba zilizopandisha vizingiti vya tofali tatu mlangoni hazikufanya urembo.

Choo. Uliza shimo lilinyonywa lini na nani analipia. Kuna nyumba ambazo mvua kubwa ikinyesha watu wanatapisha choo, uchafu unapita na maji ya mtaani mbele ya mlango wako. Ukiona bomba limetokeza kwenye ukuta wa shimo kuelekea mfereji, limezibwa kwa kitambaa au chupa, umekwisha pata jibu.

Bati tazama kwa ndani mchana ukiwa umefunga mlango, matundu yatang'aa kama nyota. Dari ikiwa ipo, tafuta madoa ya duara rangi ya chai. Dirisha liwe na nondo na liwe linafunguka, nimewahi kukuta limefungwa kwa tofali kwa nyuma kwa sababu jirani amejenga hadi mpakani. Maji uliza yanatoka siku gani, na bei ya dumu siku yasipotoka. Kitasa kibadilishe siku unayoingia, mwenyewe, kwa hela yako.

Karatasi na LUKU

Kodi ilipwe mbele ya watu, ofisi ya serikali ya mtaa ikiwezekana, au kwa mjumbe, na mashahidi wawili, mmoja wa kwako. Ukilipa kwa simu ni vizuri zaidi, ujumbe unabaki. Usiufute, na piga picha ya ujumbe huo umtumie mtu wa nyumbani.

Mkataba usiogope kuuandika mwenyewe kwa mkono kama mwenye nyumba hana. Majina, chumba kipi, kodi ya mwezi na jumla iliyolipwa kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kuingia na ya kwisha, notisi ya muda gani kwa kila upande, nani anatengeneza nini kikiharibika. Kisha idadi ya watu watakaolala humo, wazi, ili asije akakuambia mdogo wako ameongezeka na kodi iongezeke.

Umeme ndio unaovunja nyumba nyingi. LUKU moja, wapangaji sita. Mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa, fujo inaanza. Nyumba nzuri ni ile yenye mita ndogo kwa kila chumba. Kama haina, kubalianeni kwa vifaa na mwandike karatasi ibandikwe kwenye korido.

Na jambo moja ambalo vijana hawalijui. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi elfu moja na mia tano. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme ni wewe mpangaji, kwa hiyo inatoka mfukoni mwako kila mwezi kimya kimya. Kwa mwaka ni elfu kumi na nane. Andika kwenye mkataba kwamba itarudishwa au itapunguzwa kwenye kodi ijayo, na weka zile risiti za umeme. Wenye nyumba watatu kati ya wanne niliowaomba walikubali bila ubishi, walikuwa hawajawahi kuulizwa.

Kwa nini miezi sita

Kijana wangu mmoja aliniuliza: "Kaka, serikali haioni?" Ni swali la haki na linahitaji jibu.

Nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ya kuamua kodi ipi ni halali. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano yako na mwenye nyumba, na katika mji ambao vyumba ni vichache kuliko watu, makubaliano ni anachotaka yeye. Suala la miezi sita limepigiwa kelele bungeni zaidi ya mara moja. Mwenye nyumba wangu wa sasa bado anataka miezi sita.

Kabla ya hapo serikali ilijaribu kujenga yenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka wa kwanza tu baada ya Uhuru. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakataifishwa. Lakini mji ulikimbia kuliko saruji. Sensa ya 2002 ilikuta Dar ina watu karibu milioni mbili na nusu, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Magomeni Kota maghorofa yale ya kaya 644 yalifunguliwa mwaka 2022, nami nilipiga plasta humo, na ni majengo mazuri kweli. Walioingia ni wale waliokuwa wakaazi wa kota za zamani, haki yao kabisa. Tuliopiga plasta tulirudi Mbagala.

Tuliobaki wote tunapangishwa na watu wa kawaida: mama mjane mwenye vyumba sita, mstaafu, fundi mwenzangu aliyefanikiwa. Nimewajengea na nimeona wanavyopata hela. Benki haimpi mama yule mkopo, hana hati. Kwa hiyo anachukua kodi ya miezi sita ya mpangaji, ananunua mifuko ya saruji na mabati, ananiita nimwinulie chumba cha saba. Nimelipwa ujira wangu mara nyingi kwa noti za kodi zilizolipwa asubuhi ile ile na kijana kama wewe.

Maana yake ni kwamba kodi ya miezi sita ni mkopo. Wewe unayelipwa kwa siku unamkopesha mwenye nyumba, bila riba. Ukiliona hivyo, unakaa naye mezani kwa namna nyingine. Anayekopesha ana haki ya kuomba kitu. Mimi huomba kodi isipande miaka miwili, iandikwe. Au namwambia: nikikulipa miezi sita kwa mkupuo, iwe elfu hamsini na tano badala ya sitini. Au namwambia apunguze iwe miezi mitatu, na mimi nitampigia plasta ukuta wa nje. Chumba changu cha tano, Chamazi, nililipa miezi mitatu kwa hela na miezi mitatu kwa kazi: uzio mzima upande wa barabara, na karo la kufulia. Vifaa vyake, nguvu zangu, na tuliandika kila siku niliyofanya. Kama wewe si fundi bado, una kuchimba shimo, kumwaga kifusi, kupaka chokaa.

Wapo watakaokuambia mji umejaa kwa sababu yenu watu wa mikoani. Maneno hayo ni ya zamani. Mkoloni aliwaita wahuni watu kama sisi, akawakusanya na kuwarudisha makwao. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, mtu asiye na kazi inayotambuliwa akawa anachukuliwa kupelekwa kijijini. Mjomba wangu alipandishwa lori mwaka ule, akafika Kondoa, akalima msimu mmoja akarudi Manzese, kwa sababu tajiri aliyekuwa akimjengea bado alikuwa na msingi umesimama. Kila mara tumeitwa tuje kujenga, na kila mara tumeambiwa tumezidi. Usiinamishe kichwa kwa maneno hayo.

Jiandikishe kwa mjumbe wiki ya kwanza, uingie kwenye daftari la wakaazi. Utahitaji barua ya utambulisho kwa kila kitu, benki, kazi, kitambulisho cha NIDA. Na uhudhurie mkutano wa mtaa. Wapangaji hatuendi, tunasema mtaa si wetu, basi wanaokaa pale ni wenye nyumba watupu na ndio wanaoamua taka zilipiwe vipi, mfereji upite wapi, ulinzi shirikishi uchangiwe shilingi ngapi kwa kila chumba. Uchaguzi wa serikali za mitaa unamhitaji mkaazi, hauulizi hati ya kiwanja. Mtaani kwetu mwaka 2024 tulikwenda kujiandikisha wapangaji kumi na tisa wa nyumba tatu zinazofuatana. Mgombea alikuja uani kwetu, akakaa kwenye ndoo, akasikiliza habari za mfereji. Alikuwa hajawahi kufika.

Mambo yakiharibika

Ukikuta kufuli si lako mlangoni, usivunje. Piga picha, ita mjumbe na shahidi, andikeni tarehe na saa. Mgogoro wa pango ukiwashinda ninyi wawili na serikali ya mtaa, unakwenda Baraza la Kata kusuluhishwa. Tangu mwaka 2021 baraza hilo haliamui tena, linapatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku thelathini, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko hukumu inakotoka. Ile karatasi uliyoandika kwa mkono na ule ujumbe wa simu ndivyo vitakavyosema kwa niaba yako. Kijana wetu mmoja alirudishiwa kodi ya miezi miwili kwenye usuluhishi wa kata kwa sababu tu alikuwa na picha ya mwenye nyumba akihesabu hela, na tarehe chini yake.

Siku ya kuhama, lipa sehemu yako ya umeme na upige picha ya mita. Fagia. Ondoka na kitasa chako ulichonunua na urudishe kile cha zamani mahali pake, ukikifunga kwa skrubu zake, kwa hiyo usikitupe, kiviringishe kwenye gazeti ukiweke chini ya kitanda tangu siku ya kwanza. Kabidhi ufunguo mkononi mwa mwenye nyumba, mjumbe akiwepo. Na kama kuna kijana amelala kwenye korido ya mtu anatafuta chumba, mpigie simu mwezi mmoja kabla hujatoka, ili asimlipe dalali.